Kichocho Kanda ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu minyoo, konokono na dawa

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zahanati, kwenye vikao vya wazazi na mialoni kila dawa za kichocho zinapogawiwa. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomhusu mtu mmoja mmoja. Jibu likihitaji maelezo yaliyokwisha kutolewa, tumeweka namba ya swali la kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Kichocho ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu. Wengi wakisikia minyoo hufikiria chango au safura, ile inayokaa utumboni. Minyoo ya kichocho haikai utumboni. Makao yake ni vena zinazozunguka utumbo au kibofu, na chakula chake ni damu. Ina urefu wa takriban sentimita moja. Dume ana mfereji mwilini mwake ambamo jike hulala, na hukaa hivyo wamekumbatiana kwa miaka, kwa kawaida kati ya 3 na 10. Wapo watu waliohama kabisa maeneo yenye kichocho wakakutwa bado wanatoa mayai hai zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kinachomuumiza mtu hasa ni mayai, si minyoo yenyewe. Jike wa kichocho cha tumbo anaweza kutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Sehemu ya mayai hayo hutoboa ukuta wa utumbo na kutoka na kinyesi. Mengine, karibu nusu, hukwama mwilini, na mengi husombwa na damu hadi kwenye ini. Mwili huyazingira kama adui, na baada ya miaka ya kuzingira huku na kule ini hubaki na makovu.

Jina la bilhazia linatokana na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyeigundua minyoo hii katika maiti mjini Cairo mwaka 1851.

2. Mbona ndugu zangu wa Kwimba wanakojoa damu na sisi wa ziwani hatukojoi damu, lakini wote tunaambiwa ni kichocho?

Kwa sababu ni minyoo ya aina mbili. Ziwani kwenyewe, kuanzia Kirumba na Igombe hadi Ukerewe na Kome, kinachotawala ni kichocho cha tumbo, cha mnyoo uitwao *Schistosoma mansoni*. Ukienda bara, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, kinachotawala ni kichocho cha mkojo, cha *Schistosoma haematobium*.

Mpaka kati yao umechorwa na konokono. Kila mnyoo una konokono wake na hauwezi kukua ndani ya wa mwenzake: ule wa tumbo hutumia konokono wa jenasi ya *Biomphalaria*, ule wa mkojo hutumia *Bulinus*. Anayelima mpunga bara na kuja kuvua msimu wa kiangazi anaweza kuwa na yote miwili.

3. Kinaingiaje mwilini?

Kupitia ngozi. Mtu mwenye kichocho akijisaidia majini au karibu na maji, mayai huanguliwa na kutoa lava anayeogelea kumtafuta konokono. Asipompata ndani ya saa chache hufa. Akimpata, humwingia na kuzaliana humo (swali la 7). Baada ya wiki kadhaa konokono huanza kutoa lava wa pili, mwenye mkia uliogawanyika, mdogo kiasi kwamba huwezi kumwona kwa kawaida. Huyo ndiye anayemtafuta binadamu. Hutambua mafuta ya ngozi, hujishikiza, huyeyusha njia kwa vimeng'enya vyake na kuingia ndani ya dakika chache, mkia akiuacha nje.

Huhitaji kidonda. Ngozi nzima inatosha kabisa kwake.

4. Je, naweza kukipata kwa kula samaki, kunywa maji, kutumia choo cha mgonjwa au kujamiiana naye?

Kwa samaki, hapana, hata akiwa mbichi. Sangara na dagaa wana mambo yao lakini kichocho hakimo. Kwa choo wala kujamiiana, hapana. Maji ya ziwa yasiyochemshwa yanaweza kukuambukiza kwa sababu lava akigusa midomo na ngozi laini ya kinywani hupenya palepale. Akifika tumboni, asidi humuua.

5. Dalili zake ni zipi?

Mwanzoni wengi hawana dalili yoyote, na hapo ndipo ugumu ulipo. Wengine hupata mwasho siku ya kuingia majini. Mtu asiyezoea ziwa, kwa mfano mwanafunzi aliyehamia kutoka mkoa usio na kichocho, anaweza wiki chache baadaye kupata homa, kikohozi, uchovu na vipele. Wengi wa namna hiyo hutibiwa malaria, na homa inapotulia yenyewe kila mtu huamini malaria imepona.

Kichocho cha mkojo kikikomaa huleta damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho. Kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Kuna sehemu ambako mvulana kukojoa damu huchukuliwa kuwa ishara ya kukua. Si kukua, ni ugonjwa.

Cha tumbo huleta maumivu ya tumbo na kuharisha kunakokuja na kwenda, wakati mwingine damu kwenye kinyesi. Kwa watoto, kikubwa ni upungufu wa damu, kudumaa na kuzubaa darasani. Baada ya miaka mingi ini na bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio hutuna hadi kupasuka. Mtu mzima wa visiwani anayetapika damu ghafla bila kidonda cha tumbo mara nyingi ana historia hii. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

## Konokono na ziwa

6. Nitamjuaje konokono wa kichocho?

Anza na mlango wa gamba. Konokono akijikunja ndani na kufunga kwa kifuniko kigumu, si wa kichocho. Hapa Afrika konokono wote wanaobeba minyoo hii ya binadamu hawana kifuniko. Kwa hiyo wale wakubwa wa mviringo mnaowaona wamejaa kwenye mawe na nyavu hawana hatia.

*Biomphalaria* ana gamba bapa lililojiviringisha kama kamba iliyokunjwa juu ya meza, na damu yake ni nyekundu kwa sababu ina himoglobini kama yetu. Ziwani yuko kwa sura mbili. Mmoja hukaa pembeni kwenye matete na mafunjo, mwingine hukaa chini, kwenye mchanga na makombe, hata mbali na ufuko. Watafiti waliolinganisha vinasaba vyao wanaona ni ndugu wa karibu mno, pengine spishi moja iliyobadilika sura kufuata makazi. Hilo lina maana kwa mtu wa kawaida: ufuko safi wa mchanga usio na hata jani moja si dhamana.

*Bulinus* ana gamba lililochongoka. Lishike ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama. Mlango ukiwa upande wa kushoto, ndiye. Spishi zake zinazoishi kwenye madimbwi ya bara huweza kujichimbia kwenye tope lililokauka na kulala miezi hadi mvua irudi. Ndiyo maana lambo lililokauka kabisa mwezi wa nane huwa na konokono tena mwezi wa kwanza bila mtu kuwaleta.

7. Ndani ya konokono kunatokea nini?

Hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika habari nzima. Lava mmoja aliyeingia hageuki kuwa mnyoo mmoja. Hugeuka kuwa kifuko, kifuko huzaa vifuko, na vifuko hivyo huzaa lava wa mkia, maelfu kwa maelfu, wote wakiwa nakala za yule mmoja, na wote wa jinsia moja. Konokono aliyeambukizwa na lava mmoja wa kiume atatoa madume tu. Ili wewe upate jozi inayotaga mayai, lazima uingiwe na uzao wa lava zaidi ya mmoja. Kwa anayeingia majini kila siku hilo si kikwazo.

Konokono mwenyewe huhasiwa. Nguvu ambayo angeitumia kutaga mayai hunyonywa na mgeni, na huacha kuzaa au huzaa kwa nadra, huku akiendelea kula na kutembea. Hana faida tena kwa kizazi chake. Anafanya kazi ya mwingine.

Watafiti wanapokusanya konokono ziwani na kuwaweka kwenye vyombo vya maji chini ya mwanga ili watoe lava, huwa ni wachache sana wanaotoa wale wa binadamu, mara nyingi asilimia chache tu. Wengi wanaotoa lava hutoa wa minyoo ya ndege, samaki au mifugo. Wachache hao wanatosha, kwa sababu konokono mmoja anaweza kutoa mamia hadi maelfu ya lava kwa siku, siku baada ya siku.

8. Ni kweli kwamba saa sita mchana ni hatari zaidi kuliko alfajiri?

Ni kweli. Lava wa kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa sababu mwanga ndio unaowaamsha. Hiyo ndiyo saa ambayo watoto wametoka shule, nguo zinafuliwa na jua limekuwa kali kiasi cha kumwalika kila mtu majini. Mnyoo umefuata ratiba ya binadamu.

Ushahidi kwamba umeifuata uko Guadeloupe, kisiwa cha Karibi. Huko kuna maeneo ambako mnyoo huohuo huishi zaidi ndani ya panya, na lava wake hutoka jioni, panya wanapoanza kutembea. Saa ya kutoka imeandikwa kwenye vinasaba.

Alfajiri kuna hatari ndogo, si salama kamili. Lava huweza kuishi siku nzima au zaidi majini, ingawa nguvu za kupenya humwishia mapema kwa kuwa hali chochote na hutegemea akiba aliyozaliwa nayo.

9. Kwa nini serikali isimwage dawa ikaua konokono wote?

Dawa ipo, inaitwa niklosamidi, na kwenye mifereji, madimbwi na malambo hufanya kazi. Tatizo huua pia samaki. Kuimwaga katika ziwa linalolisha mkoa mzima ni kuharibu kitoweo na ajira kwa mpigo mmoja, na hata hivyo maji ni mengi mno na konokono wengine wako chini kabisa ya uwezo wa bomba la mgongoni.

Kisha kuna uzazi wake. *Biomphalaria* ni dume na jike kwa pamoja, na akikosa mwenza hujirutubisha mwenyewe. Ukiua wote ukabakiza mmoja, umebakiza ukoo.

10. Si kuna samaki wanaokula konokono? Tusiwafuge hao?

Wapo. Kamongo husaga konokono, na kati ya furu wa ziwa letu kuna *Astatoreochromis alluaudi*, mwenye meno ya kooni mapana ya kuvunjia magamba. Wazo lako lilijaribiwa: samaki huyu alipelekwa hadi Kamerun na kuwekwa kwenye mabwawa ili amalize konokono wa kichocho. Hakuwamaliza.

Sababu yake ni somo zuri la biolojia. Taya ya kooni ya furu huyu hukua kufuata chakula. Akikuzwa kwa chakula laini, taya hubaki nyembamba na misuli yake dhaifu. Akila magamba tangu utotoni, huwa nene. Kwenye bwawa lenye wadudu na chakula laini tele, vizazi vilivyofuata vilikuwa na taya nyepesi na havikuhangaika na konokono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliofanya kazi kwenye Ghuba ya Mwanza kuanzia mwaka 1977, walichangia sana kulielewa jambo hili. Ni watafiti haohao walioshuhudia furu wakipotea baada ya sangara kufurika miaka ya 1980.

Kwingineko mambo yamekuwa na nafuu. Ziwa Malawi, kuongezeka kwa kichocho kumehusishwa na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono karibu na ufuko. Senegali, watafiti waliwarudisha kamba wa mtoni ambao bwawa la Diama, lililokamilika mwaka 1986, liliwazuia kuhama, na maambukizi yakapungua kijijini. Kamba hao si wa ziwa letu, na baada ya habari ya sangara nadhani Mwanza hakuna anayetamani kusikia tena kwamba kuna kiumbe kigeni cha kumwagwa ziwani kwa faida yetu.

11. Magugu maji yanaongeza kichocho?

Yanaweza. Mimea ya majini humpa konokono chakula, kivuli na mahali pa kubandika mayai. Huko Senegali kung'oa mimea iliyojaa kwenye sehemu za kuchotea maji kulipunguza konokono na kupunguza watoto walioambukizwa upya, na mimea ikatumika kuwa mboji na chakula cha mifugo. Kwa mwalo wa kijiji ni kazi inayofaa. Ila anayeingia kung'oa akiwa miguu mitupu ndiye wa kwanza kuambukizwa, kwa hiyo mabuti na glavu kwanza, dawa baadaye.

## Vipimo na dawa

12. Nimepimwa choo nikaambiwa sina. Naweza kuamini?

Kipimo cha kawaida cha kichocho cha tumbo hutumia kinyesi kidogo sana, takriban miligramu 42, kilichobanwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini. Mayai yakionekana, una kichocho, hakuna ubishi: yai la aina ya tumbo lina mwiba ubavuni, la mkojo lina mwiba nchani. Yasipoonekana, maana yake ni kwamba hayakuwemo kwenye punje hiyo. Mwenye minyoo michache huponyoka kirahisi, ndiyo maana huombwa sampuli za siku zaidi ya moja.

Kuna pia kipimo cha kijiti kinachotafuta mabaki ya minyoo hai kwenye mkojo, na kwa kichocho cha tumbo hunasa wengi ambao darubini imewakosa. Kwa kichocho cha mkojo, mkojo huchujwa na kuangaliwa mayai. Sampuli nzuri ni ya kati ya saa nne na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi.

13. Dawa yenyewe inafanyaje kazi?

Ni prazikwanteli, iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1970. Kwa miongo minne watu walimeza bila mwanasayansi yeyote kujua hasa inagusa nini ndani ya mnyoo. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba hufungua mlango fulani wa kalisiamu kwenye seli za mnyoo. Kalisiamu hufurika, misuli hukakamaa, ngozi ya mnyoo hupasuka, na kinga ya mwili, iliyokuwa haiuoni kwa sababu hujivika protini za mwenyeji wake, sasa huuona na kuumaliza.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Kwenye ugawaji wa shuleni mizani haibebwi. Hutumika kipimo cha urefu kilichogawanywa kwa idadi ya vidonge, kuanzia mtoto wa sentimita 94.

14. Mwanangu alimeza dawa mwaka jana na mwaka huu amekutwa nacho tena. Dawa ni feki?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu si moja.

Kwanza, dawa huua minyoo mikubwa. Minyoo michanga ya wiki mbili, tatu, nne haidhuriki sana. Mtoto aliyeogelea wiki mbili kabla ya kumeza alikuwa na minyoo ambayo dawa iliiruka, ikakua baadaye. Pili, hata kwa minyoo mikubwa dawa haiui yote kwa kila mtu. Hupunguza mayai sana, na kupunguza mayai ndiko kunakookoa ini. Tatu, na hii ndiyo sababu ya wengi: dawa haikingi. Siku inapotoka mwilini, na hutoka haraka, ngozi iko wazi kama jana yake.

Tunamtibu mtoto na kumrudisha kwa konokono yuleyule. Anayesema dawa haifai anakosea, na anayedhani dawa peke yake itamaliza kichocho Kanda ya Ziwa anakosea vilevile. Kumeza kila inapogawiwa kuna maana kwa sababu kila mara mayai yanayokwama kwenye ini hupungua, na makovu ya mapema kwa mtoto huweza kurudi nyuma.

15. Kwa nini tunaambiwa tule kwanza? Na mbona wengine hutapika?

Chakula hupunguza kichefuchefu na huifanya dawa ifyonzwe vizuri zaidi. Kizunguzungu, maumivu ya tumbo, kutapika na mwasho hutokea, na mara nyingi huwa kali kwa mwenye minyoo mingi kwa sababu inakufa kwa pamoja. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja. Uvumi kwamba dawa imetolewa kuharibu uzazi hauna msingi. Kinachoharibu uzazi ni kichocho chenyewe (swali la 21).

Mwenye kifafa au historia ya uvimbe wa minyoo ya nguruwe kwenye ubongo amwambie mhudumu kabla ya kumeza.

16. Wajawazito na watoto wadogo je?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaruhusu wajawazito baada ya miezi 3 ya kwanza, na wanaonyonyesha. Unapendekeza pia watibiwe watu wote kuanzia miaka 2 mahali ambapo maambukizi yamefika asilimia 10 au zaidi, si wanafunzi peke yao.

Watoto wadogo walisahauliwa kwa muda mrefu kwa sababu vidonge ni vikubwa na vichungu. Sasa kuna toleo lao linaloyeyuka majini, na mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuliunga mkono Desemba 2023. Mtoto wa miezi 8 anayeogeshwa kwenye beseni la maji yaliyochotwa ziwani mchana huo huambukizwa kama kaka yake anayeogelea.

17. Je, minyoo imeanza kuwa sugu?

Maabara wameweza kupata minyoo isiyosikia dawa vizuri, na tofauti za jeni la mlango ule wa kalisiamu zimeonekana. Usugu ulioenea kwenye jamii, wa kuifanya dawa ishindwe, haujathibitishwa. Wasiwasi ni halali kwa sababu tunategemea dawa moja tu.

Wazee huuliza kwa nini siku hizi hakuna sindano. Sindano za zamani zilikuwa na antimoni, zilikuwa na sumu na zilirudiwa mara nyingi. Misri ilizitumia kwa kampeni kubwa kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980, na sindano zisizochemshwa ipasavyo zikaeneza homa ya ini aina ya C kwa watu wengi sana. Vidonge vya leo, pamoja na uchungu wake, ni afadhali.

## Utafiti umeonyesha nini

18. Hapa Mwanza wamegundua nini kuhusu ugawaji wa dawa?

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, ilishiriki katika utafiti mkubwa wa nchi kadhaa ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Georgia cha Marekani. Vijiji 150 vya eneo hili viligawanywa katika makundi sita: kwingine dawa walipewa wanakijiji wote kila mwaka, kwingine wanafunzi tu, kwingine kwa kuruka miaka. Maambukizi yalishuka, lakini tofauti kati ya ratiba ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. La kushtua zaidi ni vijiji ambavyo havikushuka hata vikipewa dawa mwaka baada ya mwaka, wakati jirani zao walishuka.

Kwa mtazamo wetu haya ndiyo matokeo muhimu kuliko yote kwa Kanda ya Ziwa. Kijiji kisichoshuka kinahitaji vyoo, maji ya bomba na mwalo wenye gati, na bajeti ya vidonge haiwezi kununua gati.

19. Kuna watu wanaojenga kinga?

Wapo, na walipatikana upande wa pili wa ziwa. Kisumu, vijana waliokuwa wakiosha magari wakiwa wamesimama ziwani walifuatiliwa kwa miaka kuanzia 1995. Walipimwa, wakatibiwa, wakarudi majini, wakatibiwa tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba baada ya kutibiwa mara nyingi baadhi yao walianza kukawia kuambukizwa upya. Inaelekea minyoo inapokufa humwaga ndani ya damu kile kilichokuwa kimefichwa, na mwili hujifunza. Wenye VVU walioshuka kinga hawakunufaika hivyo.

Kinga hiyo ni ya pole pole, na si ya kila mtu. Chanjo bado haijaidhinishwa, ingawa kadhaa ziko kwenye majaribio. Leiden wamefika hatua ya kuwaambukiza kwa makusudi watu 17 waliojitolea, kwa lava wa kiume watupu, ili kusiwe na yai hata moja.

20. Wanyama wana mchango gani?

Nyani na sokwe huambukizwa kichocho cha tumbo. Sokwe wa hifadhi ya kisiwa cha Ngamba, Uganda, ndani ya ziwa hilihili, walikutwa nacho. Kuna pia kichocho cha panya, *Schistosoma rodhaini*, kinachotumia konokono yuleyule na kutoa lava usiku, na magharibi mwa Kenya wamepatikana machotara wake na kile cha binadamu. Ng'ombe wana cha kwao kinachotumia *Bulinus*. Chotara wa hicho na kichocho cha mkojo ndiye aliyezua mlipuko Corsica, Ufaransa, mwaka 2013.

Bado hapa kwetu binadamu ndiye chanzo kikuu. Kumsingizia panya ni kukwepa suala la choo.

21. Kichocho kina uhusiano gani na uzazi na VVU?

Mayai ya kichocho cha mkojo hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na uke. Huleta vidonda, uchafu, maumivu na damu baada ya tendo, na yanaweza kuleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Mwanamke huyo huenda zahanati, hupewa dawa za magonjwa ya zinaa, haponi, na nyumbani huanza kushukiwa. Dada yangu uliye na historia hiyo na uliyekulia kwenye majaruba, mwambie mhudumu neno kichocho wewe mwenyewe, kwa sababu si wote watakaolikumbuka.

Tafiti zilizofanyika Mwanza zimeonyesha wanawake wenye kichocho wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na VVU au kuvipata. Kwa wanaume hilo halikuonekana.

## Maswali ya pembeni

22. Mimi ni mvuvi. Nitaachaje kuingia majini?

Huwezi, na hakuna sababu ya mtu kukuhubiria. Punguza unachoweza: mabuti marefu wakati wa kushusha mzigo, kushusha dagaa mapema asubuhi kabla jua halijakolea, kuoga kwa maji ya bomba au yaliyohifadhiwa. Anayevuta kokoro amesimama majini muda wote yuko hatarini kuliko anayevua katikati ya ziwa. Meza dawa kila mwaka hata kama ugawaji ni wa shuleni tu. Uliza kituo cha afya. Na usijisaidie ziwani ukiwa mtumbwini karibu na mwalo, maana konokono wa chini nao wapo.

23. Nikichota maji na kuyaweka, yanakuwa salama lini?

Kwa kuoga na kufua, yakikaa siku moja hadi mbili bila konokono ndani, lava hufa. Chuja kwanza kwa kitambaa ili usichote konokono pamoja na maji. Kwa kunywa, chemsha, kwa sababu kipindupindu na homa ya matumbo havingoji siku mbili vife.

24. Nikijikausha haraka kwa taulo baada ya kuogelea?

Inaweza kusaidia kidogo kwa waliobaki juu ya ngozi. Walioingia wakati unaogelea wameshaingia.

25. Niliogelea Mwanza wiki iliyopita na naondoka kesho. Nipime leo?

Ukipima leo hutapata kitu. Minyoo ya tumbo huhitaji wiki 5 hadi 7 kuanza kutaga, ya mkojo zaidi ya hapo. Pima wiki 8 hivi baada ya mara ya mwisho kugusa maji, na kama utatibiwa, meza wakati huo ili usiikute minyoo ikiwa michanga (swali la 14). Ukipata homa na vipele kabla ya hapo, mwambie daktari wa uliko kwamba ulioga Ziwa Victoria na umtajie tarehe.